Battenberg: jina la mji lisilosema wenyewe walitoka wapi

Battenberg ni kamji ka Hesse, Ujerumani, kando ya mto Eder. Mabwana wa kale waliojiita kwa jina hilo walikwisha karne ya 14. Kwa hiyo anayewatafuta mababu wa akina Mountbatten, jamaa za ukoo wa kifalme wa Uingereza, mjini hapo anajisumbua bure.

Mwaka 1851 Alexander wa Hesse alimwoa Julia Hauke, mwanamke wa kasri la Urusi ambaye hakuzaliwa katika ukoo wa watawala. Kwa desturi ya koo hizo, mke wa namna hiyo hachukui cheo cha mume, na watoto hawarithi kiti. Lakini aibu lazima isitiriwe. Ludwig III, mtawala wa Hesse na kaka yake Alexander, akamtunuku Julia cheo cha Gräfin von Battenberg, cheo cha kikabaila cha mwanamke; mwaka 1858 akawa Prinzessin, yaani binti mfalme kwa cheo. Jina halikuwa na mwenyewe tena, akavishwa yeye. Watoto wakalirithi kwa mama.

Mwanawe Ludwig alipanda hadi kuongoza jeshi la wanamaji la Uingereza, kisha Oktoba 1914 chuki dhidi ya Wajerumani ikamng'oa. Julai 1917 jina lenyewe likapasuliwa: *berg*, yaani mlima, likawa *Mount* na kuhamishiwa mbele, *Batten* likaachwa lilivyo. Tafsiri nusu, kwa maoni yangu ya kifundi kabisa.

Wanaochora nasaba huteleza zaidi kwa Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, yule aliyekuja Dar es Salaam Desemba 1961 na Nairobi 1963 bendera ya Uingereza iliposhushwa. Hakuzaliwa Mountbatten. Kwa baba alikuwa wa ukoo wa Glücksburg, jina la mahali pengine Ujerumani. La Mountbatten alilichukua 1947 kutoka upande wa mama yake, Alice, binti wa yule Ludwig wa jeshi la wanamaji. Ukifuata jina kwa mstari wa baba, umepotea.

Na usidanganywe na *von*, yaani "wa" kwa Kijerumani, neno la majina ya kikabaila. Tangu katiba ya Ujerumani ya 1919, kifungu cha 109, vyeo vya kikabaila vimebaki sehemu ya jina tu.

Kwenye kumbukumbu, basi, tazama mwaka kwanza: kabla ya 1851 tafuta Hauke, hadi 1917, Battenberg, baadaye, Mountbatten. Ila Victoria Eugenia, mjukuu wa Julia, aliolewa na mfalme wa Hispania mwaka 1906, kabla jina halijapasuliwa. Huko mtafute kwa Battenberg.