Mama mwenye virusi anyonyeshe? Kwa nini ushauri wa kliniki uligeuka

Lawama ipo, na haikuzuka juzi. Mwanamke aliyezaa Mombasa mwaka 2003 akiwa na virusi vya ukimwi aliambiwa kliniki kwamba maziwa yake yana hatari, na kama ana uwezo wa kununua maziwa ya mkebe, yale ya unga ya watoto wachanga, basi asimpe mtoto titi. Mdogo wake akipimwa leo akakutwa na virusi, sista anamwambia kinyume: mnyonyeshe, titi pekee miezi sita, kisha uendelee pamoja na vyakula vingine mpaka afike miaka miwili, bora unameza dawa zako. Hapo ndipo yule wa kwanza anapouliza swali nililolisikia Likoni, nikalisikia Kisauni, na majuzi nikalisikia kwa mavyaa mmoja wa Mikindani ambaye mkazamwana wake alikuwa bado yumo ndani ya arubaini: mlitudanganya wakati ule, au mnatudanganya sasa?

Swali ni la haki na halifai kujibiwa kwa kupandisha mabega. Wanaoutetea mkebe si washamba wala si mawakala wa makampuni ya maziwa. Wana ushahidi, tena wa hapa hapa Kenya, na mtu akilitetea titi bila kuutaja ushahidi huo basi anacheza karata akiwa ameficha moja.

Kati ya 1992 na 1998 watafiti Nairobi waliwagawa kwa kura kina mama zaidi ya 400 wenye virusi. Nusu wakanyonyesha, nusu wakapewa maziwa ya mkebe bure. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Kufikia miaka miwili, watoto walioambukizwa upande wa titi walikuwa asilimia 36.7, na upande wa mkebe asilimia 20.5. Vifo havikupishana sana: asilimia 24.4 kwa walionyonya, 20.0 kwa wa mkebe. Ukiwahesabu waliofika miaka miwili wakiwa hai na bila virusi, mkebe ulitoa 70 katika kila 100 na titi likatoa 58. Kwa hesabu hiyo mkebe ulishinda, na sista wa 2003 aliyemwambia mama asinyonyeshe hakuwa amebuni neno kichwani mwake.

Lakini utazame utafiti wenyewe ulivyokuwa. Hakuna mama aliyekuwa akimeza dawa za kufubaza virusi wakati wa kunyonyesha, kwa kuwa dawa hizo hazikuwapo kliniki. Waliochaguliwa ni wale tu wenye maji safi ya mfereji wa manispaa. Maziwa hayakuwagharimu hata senti. Na pamoja na yote hayo, karibu 3 kati ya kila 10 waliopewa mkebe walinyonyesha pia.

Kwa nini wanyonyeshe, na mkebe upo mezani? Aliyezaliwa Mombasa halimsumbui swali hilo. Mzazi hakai peke yake. Yuko na mama yake, au mavyaa, na shangazi aliyetoka Kilifi kuja kumkanda, na jirani anayeingia bila kubisha hodi mara ya pili. Mtoto akilia, sauti ya kwanza ni "mpe titi". Asipompa, ya pili ni "mbona humpi?" Ya tatu haisemwi mbele yake. Mkebe kwenye nyumba kama hiyo hutangaza kipimo cha mama kabla yeye hajamwambia mumewe. Nimeona chupa ya nevirapine, dawa ya maji ya kumkinga mtoto na virusi, iliyobanduliwa karatasi yote mpaka gundi, ikafungwa ndani ya leso pamoja na bomba la sindano lisilo na ncha, na kila asubuhi mama akasubiri wenzake watoke uani ndipo ampe mtoto dawa yake. Chupa ndogo ya dawa hufichika. Mkebe, birika la maji moto na chupa ya kunyonyea mara sita au nane kwa siku utavificha wapi?

Basi mama huyo hufanya analoweza: watu wakiwapo titi, wakitoka mkebe. Na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote mawili. Mwaka 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, waliwafuatilia watoto hadi miezi mitatu. Wasionyonyeshwa kabisa walioambukizwa walikuwa asilimia 18.8. Walionyonya na kupewa vitu vingine, maji yakiwemo, asilimia 24.1. Walionyonya titi tupu, bila hata maji, asilimia 14.6.

Namba hiyo ya katikati ndiyo ningependa ibandikwe kila kliniki ya wajawazito kutoka Mtongwe hadi Mtwapa. Naam, kina mama wa Durban walijichagulia wenyewe namna ya kulisha, hawakugawanywa kwa kura, na mkali wa takwimu atalitaja hilo. Lakini matokeo ya namna hiyo yalionekana tena baadaye kwenye tafiti nyingine za Afrika, na maelezo yake si magumu. Utumbo wa mtoto mchanga una utando laini. Maji yasiyo safi, uji wa mapema, maziwa ya ng'ombe, huuchubua na kuleta uvimbe, na virusi vilivyomo ndani ya maziwa ya mama vikapata pa kupenyea. Titi tupu haliuchubui.

Sasa lete hayo Mombasa, mwezi wa Februari, kaskazi imetulia na ukuta wa nyumba ni moto mpaka saa nne usiku. Bibi anamtazama mtoto wa wiki mbili akihema anasema ana kiu. Sista anasema asipewe hata tone la maji. Bibi anamwona sista hana huruma. Kumbe maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji, na yale yanayotoka mwanzo wa kunyonya ni mepesi zaidi. Mtoto wa joto hunyonya mara nyingi zaidi, basi. Tende kidogo ya tahniki, ile anayopakwa mtoto kinywani siku ya kwanza, si ugomvi wangu, wala sijaona sista mwenye busara akiufanya ugomvi. Ugomvi ni kile kikombe cha maji ya sukari kinachokaa kando ya kitanda siku arubaini, na dawa ya chango inayochemshwa kila jioni. Maji yenyewe ni ya mtungi wa mkokoteni, maana mfereji umekauka tangu Jumanne, na muuzaji ndiye anayejua kama ameyateka kwenye bomba au kisimani.

Kuhusu maji, Botswana ilitoa funzo la uchungu. Ni nchi yenye uwezo kuliko yetu, na serikali yake iliwapa kina mama wenye virusi maziwa ya mkebe bure. Mwanzoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, mlipuko wa kuhara uliua watoto mamia. Uchunguzi ulikuta kwamba jambo lililomweka mtoto hatarini kuliko mengine ni kutonyonya. Wengi wa watoto waliolazwa hawakuwa na virusi. Waliepushwa na ukimwi wakaingizwa kwenye kuhara. Mombasa hupata mafuriko na kipindupindu, na vyoo vya shimo vya mitaa yetu viko hatua chache kutoka visima.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: basi ni kuchagua kati ya vifo viwili. Mwaka 2003 ilikuwa hivyo kweli. Dawa iliyokuwapo ilikuwa kidonge kimoja cha nevirapine uchungu ukianza na dozi moja ya maji kwa mtoto. Ilimkinga wakati wa kuzaliwa. Baada ya hapo maziwa yalitoka miezi na miezi bila ulinzi wowote. Mabadiliko yalikuja dawa zilipoanza kumezwa kila siku na mama mwenyewe, na hapa Mombasa haikupokea habari kutoka mbali. Utafiti ulioitwa Kesho Bora, ulioandikisha kina mama kati ya 2005 na 2008, ulikuwa na kituo hapa kwetu, pamoja na Nairobi, Burkina Faso na Afrika Kusini. Kina mama waliomeza dawa tatu tangu mimba hadi kunyonyesha, watoto wao walioambukizwa kufikia mwaka mmoja walikuwa asilimia 5.4, waliopewa dawa za mtindo wa zamani, 9.5. Kuna vijana wa Mombasa leo wanaosoma sekondari ambao mama zao ndio walioingia katika hesabu hiyo.

Baadaye namba zilizidi kushuka. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likazipa nchi nafasi ya kuchagua kunyonyesha kwa kinga ya dawa. Utafiti mkubwa uliofanywa Afrika na India, uitwao PROMISE, ulikuta maambukizi ya asilimia 0.3 kwa miezi sita na 0.6 kwa mwaka. Mwaka 2016 Shirika likasema wazi kwamba mama anayemeza dawa vizuri anaweza kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na kwamba hata akichanganya vyakula, asikatize titi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ile namba ya Durban ninayoing'ang'ania imepungua makali kwa mama aliye kwenye dawa. Kwa aliyeziacha, au asiyejua kwamba anazihitaji, makali yake ni yale yale.

Na hapo ndipo pingamizi zito kuliko yote linapoingia. Ushauri wa "nyonyesha" umesimama juu ya chupa ya vidonge. Chupa ikikauka? Si swali la kufikirika. Mwanzoni mwa 2021 shehena ya ARV, ndizo hizo dawa za kufubaza virusi, iliyotolewa na Marekani ilikwama katika bandari ya Mombasa, serikali na wafadhili wakivutania kodi. Kuna kina mama wa Changamwe waliokuwa wakiziona winchi za bandari kutoka mlangoni kwao huku kliniki ikiwahesabia vidonge vya wiki chache. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kliniki ipi itafunguliwa kesho. Mama anayenyonyesha akikosa dawa mwezi mmoja, virusi hupanda tena, na maziwa hayamngojei waziri. Anayesema mkebe hautegemei siasa za Washington amesema la maana.

Ila mkebe nao unategemea mshahara wa mwezi, gesi ya kuchemshia, maji, na mume asiyeuliza maswali. Nikiulizwa ni kipi kinachokatika mara nyingi zaidi katika nyumba ya vyumba viwili Jomvu, nitasema mkebe, bila kusita. Ukikatika, mama hurudia titi lililoanza kukauka, au humpa mtoto uji mwepesi. Dawa za mama zikikatika, angalau mtoto ana sharubati yake ya kinga, ile nevirapine, ambayo mwongozo wa Kenya unataka aendelee kuipata muda wote anaponyonya, kama nayo haijakwama bandarini.

Yupo pia mama wa Nyali mwenye friji, maji ya tangi na mume anayejua hali yake. Huyu akichagua mkebe, hakuna sababu ya sista kumnunia. Sheria ya 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama inazuia matangazo na zawadi za makampuni. Haimzuii sista kumwonyesha mama kama huyo namna ya kupima unga na maji. Nasikia baadhi ya wauguzi wanaogopa hata kuutaja mkebe, kana kwamba ni haramu. Inachekesha kwamba Marekani, iliyowakataza kina mama hawa titi kwa miaka na miaka, ilibadilisha mwongozo wake mwaka 2023 ikasema uamuzi uzungumzwe kati ya mama na daktari. Wao wanasogea upande wa titi, nasi tungeweza kusogea kidogo upande wa kuzungumza.

Suala la kazi nalipita haraka kwa kuwa halihitaji maneno. Sheria ya ajira inampa mama miezi mitatu, kliniki inadai sita ya titi pekee. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Nenda viwandani uulize kiko wapi.

Lililonikaa zaidi ni mama ambaye mjadala huu wote haumtaji: yule aliyepimwa mimba ikiwa ya miezi minne, akakutwa hana virusi, akaandikiwa hivyo kwenye kitabu cha mama na mtoto, akafurahi, akazaa, ananyonyesha. Mumewe ni dereva wa malori ya Malaba, au baharia, au hana kazi yoyote ya kumsingizia. Mama huyo akiambukizwa wakati mtoto ana miezi kumi, wiki za kwanza virusi huwa vingi mno mwilini, hana dawa, mtoto hana sharubati, na kitabu bado kinasema hana. Sehemu kubwa ya watoto wanaoambukizwa siku hizi hupitia njia hii, au hupitia kwa kina mama walioacha dawa, si kwa yule anayemeza vidonge vyake na kunyonyesha kama alivyofundishwa.

Mwongozo unasema apimwe tena mwisho wa mimba, tena baada ya kuzaa, na tena anapoendelea kunyonyesha. Kwenye chanjo za wiki 6, 10 na 14 yupo, na kwa sindano ya surua ya miezi tisa wengi bado wanakuja. Inayofuata ni ya miezi kumi na minane. Kati ya hizo mbili kliniki haimwoni, mtoto bado ananyonya, na mpango wa kaunti wa kumfuata nyumbani ni wahudumu wa afya ya jamii, ambao hawawezi kumpima mkewe mtu uani mbele ya mavyaa.