Usinitajie wimbo, niambie nani anaupiga

Vijana wanaoandika filamu hapa Dodoma wakinipa skripti zao nizisome, huwa nabahatisha mapema ukurasa utakaonichosha. Ni ule wenye maneno "muziki wa huzuni unasikika" au, mbaya zaidi, jina la wimbo wa Bongo Fleva unaovuma wiki hiyo, na ubeti wake umetajwa kabisa. Mama kafiwa, kakaa mkekani: wimbo. Wapenzi wanaagana stendi: wimbo. Ukiufuta mstari huo, onyesho halibaki na kitu. Muziki umepewa kazi iliyomshinda mwandishi.

Kwangu mimi, muziki unaosikiwa na mtazamaji peke yake haumhusu mwandishi. Ni wa mwongozaji, mtunzi wa muziki na mhariri, na mara nyingi unaamuliwa picha zikishakatwa, kwa sababu hapo ndipo inapoonekana kama ukimya unatosha. Muziki wanaousikia wahusika wenyewe ni habari nyingine. Huo ni tukio, sawa na mtu kubisha hodi, na lazima uandikwe.

Halafu kuna pesa. Wimbo mmoja uliorekodiwa una haki za mtunzi na haki za mwenye rekodi, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda zote. Sasa chukua wimbo wa dansi wa miaka ya 70. Bendi nyingi za wakati ule zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam. Mtunzi keshafariki, bendi ilishavunjika, watoto wake kila mmoja na mkoa wake. Prodyuza ambaye hata kamera kaazima aanze kubisha hodi kwa nani? Akijilipua akaipandisha filamu YouTube, mfumo wa Content ID ukiutambua wimbo, mwenye haki anaweza kuchukua mapato ya matangazo au kuizuia video isionekane. Yote hayo kwa sababu ya mstari ulioandikwa kwa mapenzi tu!

"Basi tutaweka ngoma ya asili, ile ni bure." Nimeshajibiwa hivyo zaidi ya mara moja. Si bure hivyo. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara. Lakini kinachoniudhi zaidi ni uvivu wa maneno yenyewe. "Ngoma ya asili inapigwa", ipi? Muheme wa Wagogo hupigwa na akina mama, ngoma wameibana mapajani, na asili yake ni jando na unyago, ingawa siku hizi utaukuta hata kwenye mapokezi ya viongozi. Mwandishi akiusikizisha kwenye shughuli ya mabinti, kisha akaurudisha uwanjani mgeni rasmi anaposhuka garini, keshasema jambo zito bila mhusika kufungua mdomo. Ilimba, ile ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, nayo ina mambo yake. Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mzaliwa wa kijiji cha Doduma aliyefariki 2003, aliizungusha dunia nzima, lakini mtu anaweza pia kujipigia mwenyewe kizingitini, asimtafute msikilizaji.

Ningeandika hivi:

NJE. UANI. JIONI. Mzee anapiga ilimba. Chuma kimoja kimelegea, kinakwaruza. Anakikaza, anarudia palepale. Kinakwaruza tena. Ndani, mkewe anaacha kutwanga.

Hakuna jina la wimbo, hakuna neno "huzuni". Mwigizaji kapata cha kufanya na mikono, mtunzi wa muziki kajua aanzie wapi, na mtu wa sauti kajua mchi unanyamaza lini.

Unayeiongoza filamu yako mwenyewe, jaza nyimbo unavyotaka kwenye nakala yako. Hilo ni daftari lako. Na wakati wa kuandika sikiliza chochote, hata singeli usiku kucha.

Kama hadithi yenyewe inasimama juu ya maneno ya wimbo, kwa mfano binti anamtambua baba yake kwa ubeti aliokuwa akimwimbia, basi tunga wimbo mpya. Vijana wenye studio za chumba kimoja wapo, na mnaweza kuelewana. Ila mkataba usainiwe kabla ya kurekodi na utaje tungo na rekodi, zote mbili, maana filamu ikianza kutazamwa simu zitaanza kuita.