Kolestro sio chipsi na nyama tu

Makala yenu imesema kolestro ikipanda punguza nyama na vya kukaanga, sawa kabisa, ila mmewasahau wenye tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi kidogo. Mama mdogo wangu hapa Kirumba, Mwanza, anakula sato wa kuchemsha na ugali wake lakini kolestro ilikuwa juu, kumbe homoni ya thairoidi ikipungua ini linashindwa kuondoa LDL, ile kolestro mbaya, kwenye damu vizuri, inabaki inazunguka humo humo. Alipoanzishiwa levothairoksini, dawa ya kufidia homoni hiyo, anameza asubuhi tumbo tupu na maji, chai baadae, kolestro ikaanza kushuka taratibu. Jamani ombeni kupimwa TSH (kipimo cha damu cha kuona tezi inafanyaje kazi) kabla ya kuanza statini, zile dawa za kushusha kolestro, maana tezi isipotibiwa statini zinaweza kuumiza misuli zaidi, mwambieni daktari mapema.