Safari hukomaza kuanzia siku ya tatu

Jina la Bagamoyo lina tafsiri mbili, na wenyeji wenyewe hawajaafikiana. Wapo wanaosema ni "bwaga moyo" kwa maana ya kutua mzigo: mpagazi aliyetoka Tabora kwa miguu, miezi miwili au mitatu njiani, frasila mbili begani, karibu kilo 32, akiiona bahari alijua kazi imekwisha na moyo unaweza kupumzika. Wapo wanaosema ni neno la mateka aliyefungwa mnyororo: uache moyo wako hapa, maana mwili unavushwa kwenda Unguja na haurudi. Njia ilikuwa ileile, visima vilevile, na mara nyingine msafara uleule. Mmoja alirudi kwao akihesabiwa mtu mzima. Mwingine alipoteza hata jina.

Siku hizi tunaambiwa kila kona kwamba safari humkuza mtu: toka, ona dunia, utarudi mwingine. Mimi ni mmoja wa walionufaika na safari, na nitaeleza jinsi. Ila kila ninaposikia maneno hayo nawakumbuka wale wawili wa Bagamoyo. Kama umbali na mambo mapya vingetosha kumkomaza mtu, basi mateka na mpagazi wangekomaa sawa, maana waliona milima ileile. Lugha yetu nayo haijawahi kuchagua upande. Inasema tembea uone, kisha inageuka na kuonya kwamba mtembezi hula miguu yake.

Tuanze na wanaoisifu safari, kwa sababu wana ushahidi. Katika karne ya 19 kijana wa Unyamwezi alitarajiwa awe amefika pwani kabla ya kuoa. Wazungu waliopita njia hiyo waliandika kwamba asiyewahi kubeba pembe za ndovu hadi baharini na kurudi na nguo au waya wa shaba alihesabiwa bado mtoto. Na huko njiani palikuwa na shule kamili. Alijifunza kuishi na watu wasio wa ukoo wake, kupatana ujira, kugoma posho ilipopunjwa, kusema Kiswahili, kujua mtemi yupi hudai hongo, yaani ushuru wa kupita, ya kiasi gani. Wapo wanahistoria wanaouhusisha utani wa Wanyamwezi na makabila ya pwani, Wazaramo wakiwemo, na njia hizo za misafara. Na utani ni zaidi ya maneno ya kuchekesha. Mtani ana wajibu: ukifiwa ugenini anasimama nawe msibani, ukiwa na njaa una haki ya kula kwake. Safari zilizorudiwa vizazi kwa vizazi zilizaa undugu wenye kanuni zake, na tunauona misibani hadi leo.

Watafiti wa sasa nao hawajawaangusha wanaoisifu safari. Pakistani hugawa nafasi za Hija kwa bahati nasibu, na baada ya Hija ya mwaka 2006 David Clingingsmith, Asim Khwaja na Michael Kremer waliwalinganisha walioshinda na walioshindwa, zaidi ya watu 1,600. Matokeo yalichapishwa 2009. Waliokwenda Makka walirudi wakiamini zaidi usawa wa makabila na madhehebu, wakawa wepesi zaidi kukubali wanawake wasome na wafanye kazi, na hawakuwa na chuki zaidi kwa watu wa dini nyingine; walielekea kwenye amani. Kilichonivutia ni ile bahati nasibu. Kwa kawaida anayesafiri na asiyesafiri ni watu wawili tofauti tangu mwanzo: mmoja ana nauli, ana udadisi, ana moyo wa kuthubutu. Akirudi mchangamfu tunaisifu safari, kumbe aliondoka mchangamfu. Hapa kura ndiyo iliyochagua.

Mwaka 2013 Julia Zimmermann na Franz Neyer walitoa utafiti unaoonyesha yote mawili kwa pamoja. Waliwafuatilia zaidi ya wanafunzi 1,000 wa vyuo vikuu vya Ujerumani, waliokwenda kusoma nje na waliobaki. Kweli, waliokwenda walikuwa na tabia tofauti hata kabla ya kuondoka. Na kweli pia, safari iliwaongezea: wakawa tayari zaidi kupokea mambo mageni, na wasiwasi ukapungua. Lakini sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokana na marafiki wapya waliowapata huko. Naomba msomaji alishike hilo.

Sasa upande wa pili, ambao kwa maoni yangu una nguvu kuliko tunavyoupa. Tazama Kilimanjaro. Mgeni amelipa mamilioni ya shilingi, anafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, analia, anasema amejitambua upya. Simdharau, machozi yake ni ya kweli. Hema lake, chakula chake na godoro lake vimepanda hadi kambi ya mwisho mgongoni mwa mpagazi, mzigo ambao kanuni za hifadhi zinauwekea kikomo cha kilo 20. Njia ileile, baridi ileile, na kwa mpagazi huenda ni mara ya arobaini. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza mlima umemfunza nini. Nahofia kwamba mara nyingi neno "kukua" ni heshima tunayomvisha mwenye nauli, na aliyesafiri kwa shida tunamwita mhangaikaji.

Wapo pia dada zetu wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Wengine hurudi wamejenga, wanaongea Kiarabu, wanajua kudai haki yao mbele ya mtu yeyote. Hao wamekua, hakuna ubishi. Wengine hunyang'anywa pasipoti wakifika, na chini ya mfumo wa kafala mwajiri ndiye anayeshika ruhusa yao ya kukaa nchini. Mtu aliyekaa miaka miwili jikoni mwa watu, mlango ukifungwa kwa nje, ameona nchi gani? Kumwambia huyo kwamba shida humkomaza mtu ni kumwonea mara ya pili.

Hata pasipo na dhuluma, jambo jipya linaweza kubaki palepale lilipotokea. Nchini Iraki, baada ya Wakristo kufukuzwa makwao na ISIS, mtafiti Salma Mousa alipanga ligi za mpira ambamo baadhi ya timu za Wakristo ziliongezewa wachezaji Waislamu. Alichapisha alichokiona mwaka 2020. Uwanjani palipendeza: wachezaji wa timu hizo walikuwa tayari zaidi kumpigia kura Mwislamu apewe tuzo, na miezi sita baadaye walikuwa wakifanya mazoezi pamoja. Lakini hawakuwa tayari zaidi kuliko wenzao kwenda kula mgahawani mjini Mosul, mji wenye Waislamu wengi. Waliwapenda wenzao wa mpira. Umma uliobaki uliendelea kuogopwa kama zamani.

Kwa hiyo nani ana haki? Nadhani kila upande umeshika kipande, na kinachoviunga kimo katika methali nyingine ambayo wengi wetu tunaitumia kumfukuza mgeni mvivu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naisoma kama habari ya kukua. Siku mbili za kwanza mgeni huandaliwa. Anakula kilichopikwa kwa ajili yake, analala pazuri, anaonyeshwa vya kuonyeshwa. Anaona mengi lakini hakuna kinachomdai, na kwa sababu hiyo hakuna kinachombadili. Siku ya tatu akishika jembe anagundua kwamba hajui kulima kama wanavyolima pale, kwamba mtoto wa miaka kumi anamzidi, kwamba lazima aulize. Hapo ndipo safari inapoanza kumfinyanga.

Nadhani ndiyo sababu pwani yetu ilifinyangwa sana na wageni, na wageni wakafinyangwa nayo. Jahazi lililokuja na kaskazi kutoka Arabuni au Uhindi halikuweza kuondoka lilipotaka. Lilisubiri kusi. Nahodha na mabaharia walikaa Lamu, Mombasa, Pangani au Unguja kwa majuma na miezi, wakakopa, wakakopesha, wakaugua wakauguzwa, wakaoa. Upepo ndio uliowanyima nafasi ya kuwa wageni wa siku mbili. Na mwenyeji ambaye hakuwahi kupanda jahazi alibadilika vilevile akiwa barazani kwake. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant alifundisha jiografia ya dunia kwa miaka 40 bila kwenda mbali na mji wake wa Königsberg, nao ulikuwa mji wa bandari. Ambaye hawezi kusafiri hajanyimwa kila kitu, mradi mlango wake haufungwi.

Nilisema nitaeleza yangu. Nimezaliwa Tanga, na kidato cha tano nilipangiwa shule ya bweni mkoani Njombe. Miezi ya mwanzo sikukua hata kidogo. Nilikaa na wenzangu wa Tanga na Pwani, tukalaani baridi, tukalaani chakula kisicho na nazi, tukajenga Tanga ndogo ndani ya bweni. Kama ningeondoka muhula ule ningerudi nyumbani na dharau mpya ya kusimulia. Kilichogeuza mambo ni likizo fupi ambayo nauli ya kurudi kwetu haikutosha, na rafiki yangu wa Kibena akanichukua kwao. Siku mbili nilipewa kuku. Siku ya tatu baba yake alinigongea alfajiri, akasema "kamwene", salamu ya kwao, akanikabidhi jembe, tukaenda kupanda viazi kwenye mteremko wenye ukungu. Niliweka mbegu kwa kina kisichofaa na yeye akazifukua moja moja bila kunikaripia, huku akinieleza udongo ule unavyoshika maji. Nimesahau mengi niliyosoma darasani mwaka ule. Somo la mteremko ule ninalo.

Ndiyo maana mjadala wa kuwapangia vijana shule za mbali, au kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, unanigusa. JKT ilianzishwa 10 Julai 1963, na ilipolazimishwa kwa wasomi mwaka 1966 wanafunzi waliandamana mwezi Oktoba, Nyerere akawarudisha makwao. JKT ya lazima, ile iitwayo ya mujibu wa sheria, ilisitishwa 1994 na kurejeshwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Wanaoitetea husema ilituchanganya, mtoto wa Mkerewe akalala kitanda cha juu na wa Mmakonde chini, na nawaunga mkono: kambini wote huvaa gwanda moja, hushika jembe moja, hula sufuria moja, hakuna mwenyeji wala mgeni. Lakini wazazi wanaolalamika nao wasidharauliwe. Nauli ya kuvuka nchi ni mbuzi wawili au watatu kwa familia ya kijijini, na kila likizo inadai tena. Binti akiugua, mama yuko siku mbili za basi. Na kumpeleka kijana mbali kisha kumfungia ndani ya uzio wa shule miaka miwili, asijue hata soko la kijiji cha jirani, ni kumtoza gharama yote ya safari na kumnyima faida yake. Ningekuwa na sauti, ningesema afadhali shule ya mkoa wa jirani yenye desturi ya kuwapeleka wanafunzi majumbani na mashambani mwa wenyeji, kuliko shule ya mbali ambayo mgeni na mwenyeji wanaangaliana kupitia waya.

Miaka miwili baadaye rafiki yangu wa Kibena alikuja Tanga, mara yake ya kwanza kuiona bahari. Siku ya kwanza tulikwenda Raskazone, ya pili Amboni kwenye mapango. Siku ya tatu mama alimwita uani, akamwekea mbuzi ya kukunia, akampa nazi mbili na bakuli. Wanaume wa nyumbani kwetu hawakuwa wakikuna nazi, na baba aliyekuwa barazani alitazama bila kusema kitu. Rafiki yangu aliketi, akaanza kukuna kwa nguvu hadi vipande vya kifuu vikaingia kwenye bakuli. Mama alichuchumaa pembeni yake, akamshika mkono, akamwonyesha kuzungusha polepole.