Maiti Akae Siku Ngapi?

Ploti yetu pale Manyatta, Kisumu, iliingiwa na misiba miwili katika wiki moja. Mzee wa Kiislamu aliyekuwa akiuza mitumba Kibuye alifariki Jumanne kabla ya alfajiri, na baada ya swala ya alasiri siku hiyo hiyo tulikuwa tumeshatoka makaburini. Ijumaa akafariki mama mmoja wa kanisa, wa mlango wa tatu. Huyo alizikwa baada ya siku kumi na saba. Katikati palikuwa na vikao vya kamati kila jioni, kundi la WhatsApp la mchango, kijana wake aliyekuwa Qatar akitafuta ruhusa na tiketi, na bili ya mochari iliyokuwa ikipanda kila kukicha. Asubuhi gari la maiti lilipoondoka kuelekea kwao Gem, jirani aliyesimama nami langoni alitikisa kichwa. "Omera, ndugu yangu, hawa wenzetu wa msikitini wametushinda akili."

Kauli hiyo imezidi kusikika tangu Oktoba 2025. Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani, alifariki India tarehe 15, akazikwa kwao Bondo tarehe 19, kwa kuwa alikuwa ameacha neno kwamba asikawizwe zaidi ya saa 72, ingawa zilizidi kidogo. Kabla yake, mkuu wa majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikufa katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, na tarehe 21 alikuwa amezikwa kwao Siaya, kama alivyotaka mwenyewe. Wakristo wawili, Wajaluo wawili, wenye uwezo wa kufanyiwa matanga ya mwezi mzima. Kama hao wameharakishwa, watu wanauliza, fundi wa baiskeli wa Nyalenda, mtaa wa maskini hapa mjini, anangojea nini mochari?

Wanaotaka haraka wana hoja nzito, na si ya pesa peke yake. Yesu mwenyewe alizikwa siku aliyokufa, kabla Sabato haijaingia, kwa sababu desturi ya Wayahudi haikuruhusu maiti alale nje. Wayahudi wanaifuata mpaka leo, na Waislamu vilevile. Wahindu wa mjini hapa, ambao babu zao wengi walifika wakati wa reli iliyoingia Kisumu mwaka 1901 na baada yake, nao huchoma maiti wao mara nyingi ndani ya siku moja, na desturi inamtaka mwana wa kwanza ndiye awashe moto. Ukiangalia hivyo, sisi tunaokaa na maiti wiki tatu ndio tulio wachache duniani, na tusisingizie Biblia.

Lakini upande wa pili nao unayo Biblia yake, na nashangaa wahubiri wetu hawaitaji. Fungueni Mwanzo 50. Yakobo anafia Misri. Waganga wanamtia dawa siku arobaini, Wamisri wanamlilia siku sabini, kisha msafara mkubwa wa magari na wapanda farasi unambeba hadi Kanaani azikwe kwa baba zake. Ukimsomea mzee wa Kijaluo wa Alego habari hiyo bila kumtajia majina, atakuuliza ni ukoo gani. Mochari imo, matanga yamo, safari ya kurudi nyumbani imo.

Kwa hiyo ugomvi huu hauwezi kuamuliwa kwa kurushiana mistari. Ninachokipinga kwa yule jirani wa langoni ni neno "akili". Anadhani Waislamu wanazika haraka kwa sababu wamefikiri vizuri kuhusu saa. Mimi niliyeshuhudia ile Jumanne nasema saa ni matokeo tu. Katika Uislamu, kuosha maiti, kumkafini (kumvisha sanda), kumswalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakifanya baadhi, wengine wamesalimika; asipofanya yeyote, jamii nzima ina dhambi. Fikiria maana yake saa kumi na moja alfajiri. Mjane hana haja ya kumwomba mtu. Simu moja msikitini, na waoshaji wanakuja, sanda inakuja, tusi la kumbebea linakuja, vijana wanachimba. Makaburi yapo tayari na yanajulikana, kila kaburi likielekea kibla, ambacho kwetu Kisumu ni upande wa kaskazini. Jeneza la kununua halipo. Swala yenyewe ni ya kusimama tu, haina rukuu wala sijda, na inaisha kabla wengine wetu hatujapata pa kuegesha pikipiki. Tajiri na muuza mitumba wanapewa nguo ile ile nyeupe.

Sasa mchukue mama wa mlango wa tatu. Nani kwetu ana dhambi asipozikwa? Hakuna. Kuna familia, na familia haina kitu, ndiyo maana kuna kamati. Siku kumi na saba zile hazikuwa za maombolezo yote. Nyingi zilikuwa za kutafuta pesa za jeneza, gari, hema, chakula, na bili ya hizo siku kumi na saba zenyewe. Kukopa saa ya Waislamu bila kukopa faradhi yao ni kumwambia maskini akimbie huku umemshika shati. Raila na Ogolla waliharakishwa na dola: ndege, wanajeshi, barabara zilizofungwa. Huo si mfano wa Nyalenda.

Tofauti nyingine hatuioni kwa sababu tunatazama siku ya kaburi peke yake. Kila dini ina mahali pake pa kuweka kilio. Wayahudi wanazika upesi, kisha wafiwa wanakaa chini nyumbani siku saba. Wahindu wengi wana ibada zinazoendelea hadi siku ya kumi na tatu. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Kwao kilio kiko baada ya kaburi. Sisi Wakristo wa huku tumerithi kwa wazee na kukirundika kabla yake: kesha, nyimbo, hotuba, wanasiasa, na hata ile disko matanga, ngoma za usiku kwenye msiba, iliyotuletea aibu na mimba za watoto. Wabukusu bado wana kumuse, ambapo mzee mwenye kipaji husimama baada ya maziko ya mtu mzima na kuwapa watu historia na makanyo; mimi nadhani ni hazina. Lakini kwa wengi wetu, udongo ukishafunikwa, gari la kurudi mjini linapigiwa honi. Ukizika siku ya pili bila kuweka chochote mbele, umefuta kilio chote.

Wanaotetea ukawiaji wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: mahali. Kwa Mjaluo, kuzikwa dala, yaani nyumbani kwao, ni ushahidi wa kwamba alikuwa mtu wa pale, na watoto wake ni wa pale. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager wakashindania mwili wake mahakamani hadi alipozikwa kwao Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, zaidi ya siku 150 baadaye. Mwili wa Mbunge Ken Okoth ulipochomwa Nairobi mwaka 2019, walionung'unika walinung'unikia hasa kwamba hakuna kaburi la kuonyesha. Sheria ya Wabahai, wafuasi wa dini iliyoanzia Iran, ambao hekalu lao la Matunda, Kakamega, lilifunguliwa mwaka 2021, inakataza kumsafirisha maiti zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka alipofia. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka, nikiyafikiria magari ya maiti yanayotoka Nairobi kila Alhamisi usiku. Lakini Mbahai anaamini ardhi yote ni moja. Mimi siamini hivyo bado. Nataka nilale karibu na mama.

Nao wa msikitini hawakosi maumivu. Mjukuu wa yule mzee alitoka Mombasa kwa basi akafika Jumatano akakuta udongo. Na Mjaluo aliyesilimu akifa, mara nyingine ukoo unamtaka dala na msikiti unamtaka mjini, na saa zinakwenda. Haraka yenyewe ina wanaoachwa nje ya lango.

Msimamo wangu, kama utauliza: siku nne au tano zinatosha kumfikisha mtu kwao, ikiwa kanisa litalichukua jeneza na gari kuwa mzigo wake, si wa familia. Makanisa yetu yanajenga minara. Mbao za majeneza kumi ya aina moja, ya tajiri na ya maskini, hazigharimu mnara. Baada ya hapo kanisa lihesabu siku za kumtembelea mfiwa, si siku za mochari.

Mjane wa yule mzee yuko katika mwezi wa tatu wa eda. Wanawake wa ploti, wa msikitini na wa kanisani, wanampelekea samaki jioni kwa zamu. Kijana wa Qatar alirudi kazini siku mbili baada ya Gem, na mlango wa tatu una mpangaji mpya.