Kijiji chenye meya kisicho na mkazi

Mahali palipokuwa na kijiji, watu wakahama, tunapaita mahame. Mahame ya kwetu hujulikana kwa miembe. Ukikuta miembe mizee imesimama porini na hakuna nyumba, unajua kuna mtu aliyeipanda na kulikuwa na watoto walioiokota embe zake. Neno hilo limekuwa likinirudia tangu nisome habari za Fleury-devant-Douaumont, kijiji cha karibu na mji wa Verdun, mashariki mwa Ufaransa. Katika takwimu za sensa za nchi hiyo, Fleury ina mstari wake kama vijiji vingine vyote. Idadi ya wakazi: 0. Na ina meya.

Anayetazama hesabu peke yake atauliza meya wa nini pasipo watu. Mimi naamini Wafaransa walifanya jambo la haki, na ningetamani tungejifunza kwao.

Mwaka 1913 Fleury ilikuwa na watu 422. Wengi waliishi kwa kilimo na kazi za msituni. Walikuwa na kanisa, shule, mwoka mikate, mhunzi, yaani kila kinachokifanya kijiji kiwe kijiji. Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipoanza kuishambulia Verdun, wanakijiji waliamriwa waondoke, wakaondoka na walichoweza kubeba. Mwezi Juni Wajerumani wakakiteka kijiji. Tarehe 18 Agosti Wafaransa wakakitwaa kwa mara ya mwisho. Kati ya siku hizo, inaelezwa kwamba kilitekwa na kukombolewa mara 16. Tukisema magofu huwa tuna maana ya kuta zilizobomoka, lakini Fleury haikubaki hata magofu. Mizinga ilisaga mawe ya nyumba yakachanganyika na udongo, na mti haukusalia.

Vita vilipokwisha, ardhi ilikuwa imejaa mabomu ambayo hayajalipuka, sumu za gesi na miili ya askari. Serikali ikalitenga eneo hilo, ikaliita eneo jekundu, ikapanda misonobari juu ya yaliyokuwa mashamba. Ndiyo sababu nasita kupaita mahame. Wenye mahame walihama, na mara nyingi miti yao ilibaki ikiwashuhudia. Watu wa Fleury walifukuzwa na mizinga, kisha wakakosa pa kurudi, na hata miti inayoonekana pale leo si yao.

Vijiji 9 vya kandokando ya Verdun vilitangazwa kuwa vimekufa kwa ajili ya Ufaransa, heshima ile ile wanayopewa askari waliouawa vitani. Sita havikujengwa tena: Fleury, Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Haumont na Louvemont. Lakini havikufutwa kwenye daftari la serikali. Kwa kuwa hakuna wapiga kura, meya wa kila kimoja huteuliwa na mkuu wa mkoa wa Meuse. Kazi yake ni kutunza mahali na kumbukumbu ya watu wake.

Pale Fleury kumejengwa kanisa dogo, na vijia vinafuata mitaa ya zamani kati ya mashimo ya mizinga, ambayo sasa yameota majani. Pembeni kuna vibao: hapa palikuwa kwa mwoka mikate, hapa shule, hapa shamba la fulani. Hicho ndicho kinachonigusa kuliko sanamu yoyote ya jemadari. Mtu hakumbukwi kwa kufa kwake tu. Anakumbukwa kwamba aliamka alfajiri akawasha tanuri.

Na Waafrika walikuwepo. Oktoba 1916, ngome ya Douaumont, jirani kabisa na Fleury, ilipokombolewa, miongoni mwa waliopigana walikuwemo Wasomali walioandikishwa Djibouti na askari wa Afrika Magharibi.

Katika vita hivyo hivyo, vijiji vya Afrika Mashariki vilipokonywa vijana wao wakawe wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na uchovu. Jina la kikosi tunalitaja kila tunapokwenda sokoni, ila majina ya wengi wao hayakuandikwa popote, wala vijiji walivyotoka. Hapo ndipo moyo unaponiuma. Hatukuhitaji meya. Kibao kingetosha: kutoka hapa alichukuliwa fulani bin fulani, mvuvi.

Mwaka 2013, karibu miaka 100 baada ya vita, mifupa ya askari 26 wa Kifaransa ilifukuliwa Fleury. Saba walitambuliwa kwa vibati vyao vya utambulisho, vikiwa bado vina majina.