Kalsiamu ya matumbawe: nani anaihitaji?

Maduka ya virutubisho ya katikati ya Mombasa hayakosi makopo ya kalsiamu asilia: ya matumbawe, ya maganda ya chaza, ya mwani. Wanunuzi wengi ni kina mama waliokoma hedhi, au watoto wao wanaohofia mama asije akateleza bafuni akavunjika nyonga. Maneno ya muuzaji ni yaleyale: hii si kemikali, imetoka baharini, mwili unaijua.

Kutoka baharini, ni kweli. Lakini kalsiamu ya matumbawe na ya chaza ni kalsiamu kaboneti, ileile ya vidonge vya bei nafuu vya duka la dawa, na ndiyo iliyojaa katika kuta za Fort Jesus na mawe yanayochimbwa Bamburi kutengenezea saruji. Ikishafika tumboni, asili yake haiipi nguvu za ziada. Mwaka 2003 tume ya biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji Kevin Trudeau na Robert Barefoot kwa kutangaza kwamba kalsiamu ya matumbawe inatibu hata saratani. Tena vitu asilia vina hatari zake: unga wa mifupa na maganda ya chaza vimewahi kupimwa vikakutwa na madini ya risasi.

Hata hivyo, siwezi kumwambia kila mtu atupe kopo lake. Ufaransa, utafiti uliochapishwa mwaka 1992 uliwahusisha wanawake wazee 3,270 wa nyumba za kulelea wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 84. Waliopewa kila siku miligramu 1,200 za kalsiamu pamoja na vitamini D walivunjika nyonga kwa asilimia 43 chini ya wenzao. Hilo si jambo dogo.

Halafu mwaka 2006 yakaja matokeo ya Marekani: wanawake zaidi ya 36,000 waliokoma hedhi, miaka 7 ya kufuatiliwa, miligramu 1,000 kwa siku pamoja na vitamini D. Mifupa ya nyonga iliimarika kidogo, lakini kuvunjika hakukupungua kwa kiwango cha kutegemewa, na mawe ya figo yakaongezeka kwa asilimia 17.

Kwa nini tofauti hiyo? Wale wa Ufaransa walikuwa na upungufu: wazee sana, jua hawalioni, chakula chao hafifu. Wengi wa Marekani walikuwa tayari wanapata kalsiamu ya kutosha. Kwa hiyo bibi wa Mji wa Kale anayeshinda ndani, chai ya rangi na mkate asubuhi na jioni, yuko karibu zaidi na wale wa Ufaransa. Na jua letu, kali namna hii, halimpi vitamini D mtu ambaye ngozi yake hailioni.

Mimi ningeanza na sahani. Mwanamke aliyepita miaka 50 anashauriwa kupata miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa humo. Kikombe cha maziwa au mtindi kina kama 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi. Mchicha unayo pia, ila oksaleti zake, kemikali za asili zinazoshikana na kalsiamu, huizuia kufyonzwa. Sukuma wiki ina nafuu. Pengo likibaki, ndipo kidonge. Na lebo isomwe vizuri: miligramu 1,250 za kalsiamu kaboneti ni miligramu 500 tu za kalsiamu yenyewe. Hizo zinatosha kwa mara moja, kwa sababu dozi kubwa zaidi hufyonzwa vibaya. Zinywewe na chakula, mbali na vidonge vya chuma au vya tezi ya shingo. Aliyewahi kuugua mawe ya figo aulize daktari kwanza.

Ninapokosana kabisa na wauzaji ni kwa mgonjwa wa osteoporosisi, yaani mifupa iliyodhoofika hadi kuvunjika kirahisi. Mama aliyeanguka kutoka kimo chake tu akavunjika kifundo cha mkono, anahitaji kupimwa msongamano wa mifupa, na huenda akahitaji dawa kama alendroneti, inayopunguza kasi ya mifupa kumeng'enywa. Kopo pekee halitamfikisha huko. Ajabu ni kwamba hata akianza dawa hiyo, daktari atataka ahakikishe kalsiamu na vitamini D havimpungukii, na hapo vile vidonge vya kawaida vya duka la dawa vinamtosha.